Kusafisha na kutia mafuta cherehani ya nyumbani: mwongozo kamili kwa wakaao Mombasa

Ukipita Barabara ya Biashara siku yoyote ya kazi utawakuta mafundi wamekaa barazani na cherehani zao, wanapinda leso. Mteja anatoka dukani na doti yake mpya, inakatwa vipande viwili, pindo linapigwa hapo hapo, na kabla hajamaliza kupatana bei ya kikoi duka la pili, leso ziko tayari. Cherehani zile zinashinda nje, kwenye vumbi na moshi wa magari, na baadhi ni kongwe kuliko wanaozitumia. Zinakwenda. Yako iko ndani, imefunikwa vizuri, inashona mara mbili kwa mwaka, na kila ukiihitaji gurudumu ni zito kama limetiwa gundi.

Tofauti ni kwamba fundi wa barazani hupangusa nyuzi na kutia mafuta kama sehemu ya kazi yake, na mashine yake haipati nafasi ya kulala. Cherehani ya nyumbani hapa Mombasa huuliwa zaidi na kukaa bure. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na upepo wa bahari unabeba chumvi. Chumvi ikitua juu ya chuma inavuta unyevu na kuushikilia pale pale, ndiyo maana sindano iliyosahauliwa kwenye dirisha la Likoni au Nyali huota madoa ya kutu upesi. Ongeza nyuzi. Kila mshono unaopiga unakwangua uzi na kitambaa, na ule unga laini unaanguka chini ya bamba la sindano. Ukikutana na mafuta unakuwa ugoro mzito unaonata, unafyonza mafuta yote uliyotia, na chuma kinabaki kikavu huku wewe ukidhani umeshakihudumia.

Kwa hiyo kazi hii ina utaratibu mmoja usiogeuzwa: uchafu utoke kwanza, mafuta yafuate. Anayetia mafuta juu ya uchafu anatengeneza tope.

Mafuta yapi

Nunua mafuta ya cherehani yenyewe. Yanauzwa kwenye chupa ndogo zenye mdomo mrefu katika maduka ya vifaa vya ushonaji na maduka ya hadiwea. Yaliyo mazuri ni mepesi karibu kama maji, hayana rangi au yana umanjano wa mbali sana, na hayana harufu kali. Tia tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache lienee. Likiacha doa la kahawia au chembe nyeusi, tafuta chupa nyingine.

Mafuta ya kupikia hayafai kabisa. Yakikaa yanashika hewa na kugeuka utomvu, na utomvu huo ndio unaokwamisha mashine nyingi zinazoletwa kwa mafundi. Ya nazi nayo huchacha na kuita siafu na sisimizi, na yeyote aliyefungua kichwa cha cherehani akakuta kikosi cha sisimizi hatarudia. Oili ya gari ni nzito mno na ina dawa zilizokusudiwa injini. Zile dawa za kopo za kupuliza, zinazouzwa kwa kulegeza nati zenye kutu, zina kazi yake, lakini sehemu kubwa ya maji yake huruka hewani na kinachobaki ni kidogo. Mashine itakwenda kwa siku chache kisha itaanza kulia.

Grisi ni jambo lingine. Gia kubwa, hasa za plastiki zilizomo ndani ya mashine za umeme, hupakwa grisi nyeupe kidogo, si mafuta mepesi. Kama hujui ipakwe wapi, usiipake.

Utakavyovihitaji

Bisibisi mbili, moja pana na fupi kwa skrubu za bamba la sindano, nyingine nyembamba. Brashi ndogo ya manyoya magumu kiasi. Mswaki wa zamani unafaa, na brashi ya wanja wa kope iliyooshwa ni bora zaidi kwa pembe finyu. Vijiti vya meno. Kibano cha nyusi. Vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, na hapa hakuna kinachoshinda leso kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Sindano mpya. Kisahani cha kuwekea skrubu, maana skrubu ya cherehani ikidondoka kwenye mkeka hutaiona tena mpaka Idi.

Na simu yako. Piga picha kabla ya kufungua kila kitu, na nyingine kila unapotoa kipande. Picha hizo ndizo zitakazokurudisha nyumbani.

Mwanga uwe wa kutosha. Kaa karibu na dirisha asubuhi, au tumia tochi.

Kabla hujafungua

Kama ni ya umeme, chomoa waya ukutani. Usitegemee swichi ya soketi peke yake: mtu akiiwasha bila kujua na mguu wako ukagusa pedeli, vidole vyako vitakuwa chini ya sindano. Kama ni ya miguu, vua ukanda kutoka kwenye gurudumu la juu ili hata mtoto akikanyaga pedeli chini kusizunguke kitu huko juu.

Toa uzi wa juu na bobini. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako mpaka sindano ifike juu kabisa. Kuelekea kwako daima. Mashine nyingi za nyumbani huzunguka hivyo, na ukirudisha nyuma unaweza kukoroga uzi uliobaki ndani. Legeza skrubu ya sindano, itoe, uitupe ndani ya kopo lenye kifuniko. Usimrudishie mashine sindano ya zamani baada ya kumwosha. Sindano ya nyumbani inashauriwa ibadilishwe baada ya takriban saa 8 za kushona, na walio wengi hungoja ivunjike. Toa na mguu wa kukandamizia nguo, kama unatoka kwa urahisi.

Chini ya bamba

Bamba la sindano ni kile kipande cha chuma king'aacho chenye tundu la sindano. Mara nyingi limefungwa kwa skrubu mbili. Zitoe, inua bamba, na jitayarishe kwa utakachokiona.

Katikati ya safu za meno, yale yanayosukuma kitambaa, kutakuwa na tabaka la nyuzi lililoshindiliwa. Kwenye cherehani iliyoshona mataulo au madera mengi bila kufunguliwa, tabaka hilo linakuwa gumu kiasi cha kutoka kwa kipande kimoja, lenye alama ya kila jino. Unapoliinua kwa kibano utaelewa kwa nini mashine ilikuwa ikivuta nguo kwa kusitasita: meno yalikuwa hayana mahali pa kushuka. Watu wengi hukimbilia kuongeza mkandamizo wa mguu au kusukuma nguo kwa mikono, na kusukuma huko ndiko kunakopinda sindano.

Toa vikubwa kwa kibano, vidogo kwa brashi, na pembe za meno kwa kijiti cha meno. Piga brashi kuelekea nje, uchafu uanguke mezani. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina maji, na maji ndani ya mashine katika mji huu ni kutu ya wiki ijayo. Kopo la hewa ya kusafishia kompyuta nalo husukuma nyuzi ndani zaidi, zikajificha usipofikia. Kama una mashine ya kuvuta vumbi yenye mdomo mwembamba, itumie.

Geuza bamba lenyewe ulitazame upande wa chini. Pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa tundu la sindano. Ukihisi mkwaruzo, ni pale sindano iliyopinda ilipogonga, na mkwaruzo huo unakata uzi. Msasa laini sana uliokunjwa mwembamba unaweza kuulainisha. Ukiwa mkubwa, badilisha bamba.

Bobini na ndoana

Hapa ndipo mahali penye kazi nyingi kuliko pote, na ndipo panapostahili subira yako.

Cherehani nyeusi za chuma zilizoenea kwetu, za Butterfly kutoka Shanghai na za Singer za mtindo ule ule, zina kasha la bobini linaloingia kutoka ubavuni. Vuta kifuniko cha kuteleza, kamata kile kilimi cha kasha, na kasha litatoka na bobini yake. Ukishikilia kilimi bobini haidondoki; ukikiachia inadondoka. Nyuma ya kasha kuna pete ya chuma iliyoshikwa na vijiwiko viwili vidogo. Vifungue kwa kuvisukuma nje, toa pete, halafu kamata kile kipini cha katikati uivute ndoana yenyewe, ile yenye umbo la mwezi mchanga na ncha kali. Ni hiyo tu. Vipande vitatu: kasha, pete, ndoana. Viweke kwa mfuatano ulivyovitoa.

Sasa mulika tochi ndani ya ule mfereji wa duara ambamo ndoana hutembea. Mara nyingi utakuta uzi mmoja uliokatika umejizungusha ukingoni, umelowa mafuta mpaka umekuwa mweusi na hauonekani. Uzi huo peke yake unatosha kukwamisha mashine. Uchomoe kwa kibano, kisha pangusa mfereji wote kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Pangusa ndoana pia, na kagua ncha yake kwa kuipitisha taratibu juu ya ukucha. Inatakiwa iteleze. Ikikwaruza, imegongwa na sindano, na hiyo ndiyo sababu mashine inaruka mishono hata ukiweka uzi ghali.

Kasha la bobini lina kibati chembamba cha chuma kilichofungwa kwa skrubu ndogo; ndicho kinachobana uzi wa chini. Vumbi hujificha chini yake. Usifungue skrubu. Chukua kona ya karatasi ngumu, kama ya kadi ya mwaliko, ipitishe chini ya kibati kwa njia ile ile uzi unakopita, na takataka zitatoka.

Kabla ya kurudisha ndoana, tia tone moja la mafuta kwenye mfereji. Moja. Rudisha ndoana, halafu pete, funga vijiwiko mpaka usikie vimekaa. Zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa. Ikigoma, mara nyingi ndoana imekaa upande usio wake: ndoana na kile kipande kinachoisukuma vinatakiwa vijaliziane, viwili vikamilishe duara. Usilazimishe, toa, tazama picha, rudia. Kasha nalo lina kidole kimoja kinachochomoza, na kidole hicho lazima kiingie kwenye pengo lake. Kikikaa nje ya pengo, mshono wa kwanza tu utavunja sindano.

Mashine za kisasa zenye bobini inayolazwa kutoka juu ni nyepesi zaidi. Ukishatoa bamba, kikombe cha plastiki kinachobeba bobini kinanyanyuka. Kipige brashi, kipanguse kwa kitambaa kikavu, na usikitie mafuta. Tazama kama kimechanjwa na sindano. Chanjo hizo hukamata uzi. Wakati wa kurudisha, kuna alama, nukta au pembetatu ndogo, inayolingana na alama nyingine kwenye mashine. Zikutanishe, kisha zungusha gurudumu uone kikombe kinacheza kidogo bila kuzunguka chote.

Kikaza uzi cha juu

Inua kishikio cha mguu. Ukikiinua, visahani vya kikaza uzi huachana. Ukikishusha vinabana, na ukijaribu kusafisha wakati vimebana hutafikia kitu. Chukua kipande cha kitambaa chembamba au uzi mnene wa pamba, kipitishe katikati ya visahani, ukivute mbele na nyuma kama unavyosafisha meno kwa uzi. Mafuta hayaingii hapa kamwe. Tone moja tu kati ya visahani na uzi wako utateleza siku nzima, na kanzu nyeupe itapata mstari wa kijivu kutoka kola mpaka pindo.

Kutia mafuta

Kila kitu sasa ni safi na kikavu. Hapa kuna kanuni ya kukuongoza hata kama kitabu cha mashine kilipotea zamani: zungusha gurudumu polepole na utazame. Mahali popote ambapo chuma kinasugua chuma, panahitaji tone moja. Mahali palipo plastiki, mpira au ukanda, hapahitaji.

Anza juu. Mgongoni mwa mashine za chuma kuna matundu madogo, mengine yamechimbwa kwa makusudi na mengine yana alama nyekundu. Tone moja kila tundu, na kama tundu limezibwa na uchafu, lizibue kwanza kwa kijiti. Halafu fungua kifuniko cha ubavuni upande wa sindano. Ndani utaona nguzo mbili zilizosimama, moja inapandisha sindano na nyingine inabeba mguu. Nguzo ya sindano hupanda na kushuka kwa kila mshono, kwa hiyo hapa ndipo kunakolika haraka. Tone kwenye kila kiungo, na jingine pale nguzo inapoingia kwenye mwili wa mashine. Ule mkono unaovuta uzi juu na chini una kiungo chake pia. Wengi huusahau, na ndio unaolia kwa sauti nyembamba wakati mashine inakimbia.

Nyuma ya kichwa, kwenye mashine nyingi za chuma, kuna bati la duara lenye skrubu moja. Lilegeze, lisukume kando, na ndani utaona shafti na mikono inayoizungusha. Zungusha gurudumu, tia mafuta kwenye kila kiungo unachokifikia.

Kisha pindua kichwa nyuma juu ya bawaba zake. Kichwa cha chuma ni kizito. Kishikilie kwa mkono mmoja mpaka kiegemee, na uhakikishe meza haiyumbi. Upande wa chini una viungo vingi kuliko juu na hauonekani na mtu, kwa hiyo ndio mkavu kuliko yote. Fuata kila mkono kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwisho, gurudumu la mkono. Tone pale linapoingia mwilini. Kizungushia bobini pia kina shafti fupi, tone moja, lakini ile pete yake ya mpira ibaki kavu. Ikilowa itateleza na bobini zako zitajaa uzi uliolegea.

Sasa rudisha bamba, mguu na sindano mpya, kisha zungusha. Bila uzi, mguu ukiwa juu, zungusha kwa mkono mpaka uhisi uzito unapungua, halafu iendeshe polepole kwa dakika mbili tatu. Pangusa yanayochuruzika. Weka kipande cha leso chini ya mguu, shusha sindano mpya ndani yake, iache mpaka asubuhi. Mafuta ya ziada yatatafuta njia yake mpaka kwenye kitambaa.

Kwa wenye cherehani ya miguu

Watu husafisha kichwa kikang'aa, wakasahau kwamba nusu ya mashine iko chini ya meza. Pedeli inaning'inia kwenye skrubu mbili za pembeni. Gurudumu kubwa lina ekseli. Fimbo inayounganisha pedeli na gurudumu ina kiungo juu na kiungo chini. Futa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli, kisha tone kwa kila kiungo. Pedeli inayogonga mara nyingi inahitaji tu skrubu zake zikazwe kidogo.

Ukanda wa ngozi hulegea hasa kipindi cha masika. Usiupake mafuta wala nta. Fungua kile kikulabu cha chuma kwa koleo, kata kipande kisichozidi upana wa kidole, toboa tundu jipya, funga tena. Ukikaza kupita kiasi utachoka miguu na kuila beringi ya gurudumu.

Ikiwa imekwama kabisa

Kwanza jua imekwama wapi. Katikati ya gurudumu la mkono kuna kigurudumu kidogo kinacholegezwa wakati wa kuzungushia bobini. Kilegeze. Gurudumu la mkono likizunguka bure, basi mkwamo uko ndani, kwenye shafti, nguzo ya sindano au ndoana. Lisipozunguka hata hivyo, mkwamo uko pale pale kwenye gurudumu, na mara nyingi ni uzi uliojisokota nyuma yake.

Toa ndoana kama tulivyoeleza. Visa vingi huishia hapo. Kama bado, ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Toa mashine nje au kwenye chumba chenye hewa, mbali na jiko la mkaa, kiberiti na sigara, na tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila kiungo. Yasiguse mota, nyaya wala plastiki. Ngoja saa kadhaa. Kisha tikisa gurudumu mbele na nyuma kwa nguvu ya vidole tu, robo inchi kwa robo inchi. Drayer ya nywele ikielekezwa kwenye chuma husaidia kulainisha utomvu, lakini usiitumie mpaka mafuta ya taa yamekauka kabisa. Ikianza kwenda, pangusa maji meusi yatokayo, rudia, na ukimaliza tia mafuta ya cherehani kila mahali siku hiyo hiyo. Mafuta ya taa yanakiacha chuma uchi, na kwa hewa yetu chuma uchi hakimalizi wiki.

Usishike gurudumu kwa koleo wala kuligonga nyundo. Chuma cha kichwa ni cha kumimina, hakipindi, kinapasuka.

Kutu, na yale maua ya dhahabu

Kutu juu ya bamba, nguzo au kifuniko huondolewa kwa sufi laini sana ya chuma na mafuta ya cherehani, taratibu, kisha ipanguswe kila chembe isiingie ndani. Rangi nyeusi yenye michoro ya dhahabu ni habari nyingine. Kwenye Singer za zamani, nyingi zilizotoka kiwanda cha Clydebank, Uskochi, kilichofungwa mwaka 1980, michoro hiyo iko chini ya vanishi ambayo spiriti huiyeyusha. Mafuta ya taa, petroli na sabuni ya unga navyo viweke mbali. Tumia mafuta ya cherehani yenyewe kwenye kitambaa laini, bila kusugua kwa nguvu, na ukiona dhahabu imehamia kwenye kitambaa, acha mara moja.

Mashine za umeme za plastiki

Soma kitabu chake kabla ya kutia tone lolote. Nyingi zimefungwa na mafuta ya kiwandani ndani, na mtengenezaji anakutaka usafishe sehemu ya bobini pekee, au utie tone moja kwenye ndoana. Mota usiitie mafuta. Na kama mashine imekuja kwenye mizigo ya mitumba, geuza nyuma usome kibati chake: za Japani hutumia volti 100 na za Marekani 120, wakati soketi zetu zinatoa 240. Bila kipunguza umeme, usafi wote uliofanya utaishia kwenye moshi.

Kuijaribu

Hakikisha sindano mpya uliyoiweka inafaa kitambaa chako. Za nyumbani nyingi hutumia aina ya 130/705H. Namba 70/10 kwa nailoni na vitambaa vya mabuibui mepesi, 80/12 au 90/14 kwa leso na madera ya pamba, 100/16 kwa jinzi. Kama hujui ielekee wapi, tafuta mfereji mrefu kwenye mwili wa sindano: unakaa upande ambao uzi unaingilia.

Shona kwanza kwenye vitambaa vya kutupa, vyeupe, mpaka mshono utoke bila doa. Sikiliza. Mashine iliyopata mafuta inatoa mlio mzito na sawa. Ukisikia kugonga kwa mpangilio, kitu hakijakaa, na mara nyingi ni kasha la bobini. Ukiona vitanzi chini ya nguo, tatizo liko kwenye uzi wa juu, haujaingia katikati ya visahani. Toa uzi, inua mguu, pitisha uzi upya.

Mara ngapi, na iwekwe wapi

Ukishona kila siku, safisha chini ya bamba kila wiki na tia tone kwenye ndoana kila unapobadilisha bobini tatu nne. Ukishona mara moja moja, ifungue kila baada ya miezi mitatu hata kama haikufanya kazi, na kila wiki izungushe kwa mkono unapopita. Huduma kubwa nakushauri uifanye Shaabani, kabla nguo za Idi hazijaanza kupangwa foleni na kabla mafundi hawajaanza kukwambia uje baada ya sikukuu. Masika nayo huwa yanahitaji jicho la pili.

Usiiegemeze kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, maana kuta hizo hutoa unyevu, wala kwenye dirisha linalotazama bahari. Ifunike kwa leso nzito ya pamba. Kifuniko cha plastiki kinafungia jasho ndani. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Viweke kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na sindano.

Yapo ambayo si ya nyumbani: kurekebisha muda wa ndoana na sindano, yaani zikutane kwa wakati wake, brashi za kaboni za mota, pedeli ya umeme inayopata moto. Ukimpelekea fundi, mletee mashine iliyosafishwa, na mwambie ilifanya nini na lini. Ukimwambia tu "imeharibika," ataanza kwa kuitoa nyuzi ambazo ungezitoa mwenyewe, na atakutoza kwa hilo. Mwombe pia akurudishie kipande chochote alichobadilisha.